Ni mbegu za papai, si tunda

Asante mwandishi kwa kutuletea habari za panya wa maabara waliopungukiwa na manii baada ya kupewa dondoo la mbegu za papai. Ila kichwa cha habari, "Papai huua uzazi", kimeniumiza. Kilichojaribiwa ni mbegu, si nyama ya tunda, na panya walinyweshwa dondoo kwa kipimo, siku baada ya siku. Huko India hata tumbili aina ya langur walipewa dondoo kama hilo wakaishiwa manii kabisa, na lilipositishwa manii yakarudi. Hilo mngeliandika juu kabisa! Mama anayetuuzia matunda hapa Kawangware tayari anaulizwa na wateja kama anawauzia utasa.

Hofu yangu mimi ni unga wa mbegu hizo unaotembezwa mtaani kama dawa ya minyoo. Nimeunywa miezi mingi, wakati mimi na mke wangu tunatafuta mtoto, na lawama zote zikimwangukia yeye. Manii huchukua zaidi ya miezi miwili kukomaa, ndiyo maana daktari ameniambia niache unga huo na nirudi kupimwa baada ya miezi mitatu. Ndugu zangu wanaume, nanyi nendeni mkapimwe.