Keki ya kilo mbili, bei njoo inboksi

Kuna tovuti ya keki inazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp hapa Unguja. Ukiifungua, maua ya waridi yanashuka kutoka juu, piano inalia bila kuombwa, na jina la biashara limeandikwa kwa hati ya dhahabu iliyojikunja mpaka hujui kama hapa zinauzwa keki au unaalikwa harusini. Unasubiri maua yatulie. Unashuka, unashuka tena, unakutana na keki ya ghorofa tano, na chini yake: "Bei njoo inboksi, mpendwa."

Mpendwa! Mtu amelipia jina la tovuti, amemlipa fundi, analipia hifadhi kila mwaka, halafu mteja akifika mlangoni anaambiwa aende inboksi ya Instagram. Kwa pesa hizo si bora angenunua mizani ya jikoni.

Tovuti ya mtu anayeoka nyumbani ipo kwa ajili ya kumjibu mteja yale ambayo anaona haya kuyauliza: kiasi gani, inatosha watu wangapi, itakuwa tayari lini. Na haya ndiyo neno lenyewe. Kwetu kuuliza bei kisha usinunue ni mtihani, khasa muuzaji akiwa jirani yako wa Fuoni, au wifi wa rafiki yako, au mliyesoma naye skuli moja. Ukishamwandikia "Assalaam aleikum, hii bei gani?" naye akajibu laki na ishirini, umenasa. Kusema ghali huwezi, kunyamaza ni utovu wa adabu, kwa hivyo unaandika "inshaallah nitakujuulisha" na nyote wawili mnajua maana yake. Mara ya pili hurudi. Unakwenda kwa yule aliyeandika bei yake, hata kama keki zake ni kavu. Muuzaji wa inboksi anaona kimya, analalamika biashara imekufa, anaongeza maua ya waridi.

Najua jawabu litakalokuja: mayai yamepanda, siagi imepanda, mwezi ujao sivyo tena. Haya, nakubali kwa shingo upande. Bei ya trei ya mayai haikai, na mfungo ukikaribia ndiyo inaruka kabisa. Lakini mwenye duka Darajani anapandishiwa hizo hizo, na ukimuuliza anakujibu papo hapo. Andika bei, andika chini yake "bei hizi ni za mwezi huu", na kila tarehe 1 kaa na simu yako dakika kumi uzibadilishe. Keki ya harusi haiwezekani kuipangia bei moja, sawa. Hiyo iwekee "kuanzia", na utaje kinachoipandisha: idadi ya ghorofa, maua ya sukari ya kutengeneza kwa mkono, safari ya kuipeleka. Keki ya siku ya kuzaliwa, ya arubaini, ya mahafali ya madrasa, hizo hazina siri yoyote ya kufichwa inboksi.

Sasa tuje kwenye kilo, maana hapa watu wanadhulumiana bila kujua.

"Keki ya kilo mbili." Kilo mbili za nini? Mmoja anahesabu unga alioutia, mwengine anaiweka keki nzima juu ya mizani pamoja na aisingi yake. Si tofauti ndogo. Chukua keki ya siagi ya vipimo sawa: unga gramu 250, sukari 250, siagi 250, na mayai matano, ambayo bila maganda ni kama gramu 250 nyengine. Bakulini pana kilo moja. Ikiokwa maji yanapungua, inatoka kama gramu 900, ukiipaka krimu inavuka kilo. Kwa anayehesabu unga, hiyo ni keki ya robo. Kwa anayepima keki, ni ya kilo moja. Mara nne nzima! Na mkate wa mayai ndio usiseme, hauna siagi hata kijiko, umefura kwa upepo uliopigwa ndani ya mayai, kilo yake ni mlima. Halafu tunashangaa kwa nini wageni arubaini wamekatiwa vipande vya kuonjea.

Inchi zina uaminifu zaidi. Weka jedwali la mistari mitatu tu: keki ya duara ya inchi 6, ya 8 na ya 10, zote za kimo cha inchi 4. Ukikata vipande vya inchi 1 kwa 2, ile ya inchi 6 inatosha watu 12, ya 8 inatosha 20 na ziada kidogo, ya 10 inafika watu 35. Pembeni ya kila moja andika uzito wake ikiwa imeshapambwa, kwa sababu watu wameizoea kilo na hawataiacha kwa ajili ya makala yangu.

Ukishakuwa na inchi utajua pia kama bei yako ina akili. Zidisha upana kwa upana: 8 mara 8 ni 64, 10 mara 10 ni 100. Kwa kimo kile kile, keki ya inchi 10 ni zaidi ya mara moja na nusu ya ile ya 8. Tuseme ya 8 unaiuza 40,000. Ya 10 haiwezi kuwa 50,000 kwa vile tu "imezidi inchi mbili". Ukifuata vitu vilivyoingia ndani, inakwenda 62,500. Kazi ya kupamba haiongezeki kwa kiasi hicho, kwa hivyo ukitaka kushuka shuka mpaka 57,000 au 58,000, lakini 50,000 unamlisha mtu siagi ya bure. Na hapa nitasema lile litakaloudhi. Wengi wanaoficha bei hawafichi chochote, hawajawahi kukaa na kalamu. Inboksi ni pahala pa kukisia bila kuonekana.

Baada ya bei ni tarehe. Karibu kila fomu ya oda ya kwenye tovuti ina kisanduku cha kalenda, na mafundi wanakiacha hivyo hivyo walivyokikuta. Mwambie sasa mteja achague tarehe ya Idi. Ataijuaje, na mwezi haujaandama? Anakisia, anaweka siku ya baada ya thalathini, mwezi unaandama usiku wa 29, na saa tatu usiku simu yako inaanza kulia. Toa kalenda kwa oda za Sikukuu, weka chaguo: Sikukuu Mosi, Sikukuu Pili, Sikukuu Tatu. Keki zioke siku ya 28, zikipoa kabisa zifunge kwa plastiki uzitie kwenye friji, krimu upake ukishasikia taarifa ya mwezi. Na uandike mapema idadi ya oda unazopokea. Oveni ya kawaida ya nyumbani inaingiza vyombo viwili vya inchi 8 kwa mara moja, dakika 35 hadi 40, toa muda wa kupoa, toa umeme ukikatika. Huna uwezo wa kuoka keki 60 kwa usiku mmoja hata kama inboksi imejaa. Tovuti ikisema "oda za Sikukuu zimejaa", watu watakuheshimu zaidi kuliko ukiwaambia asubuhi ya Idi, wamevaa kanzu tayari.

Picha. Ile keki ya ghorofa tano imeokotwa Pinterest, na mteja mwenye macho anaitambua kwa sababu ameiona kwa wauzaji wengine wanne. Ubaya wake hauishii kwenye wizi. Krimu ya siagi tupu inalegea mapema, na kwenye nyuzi 32 hadi 35 inayeyuka. Mchana wa kaskazi kwenye uwanja wa harusi ni huko huko. Umemuonesha mteja keki ya nchi ya baridi, unampelekea keki inayoteremka kama mshumaa. Piga yako. Asubuhi, karibu na dirisha, mwanga uje kwa ubavu, taa ya simu izimwe. Taa ndefu ya dari inaifanya krimu nyeupe iwe buluu kama maiti. Nyuma pawe patupu, khanga ya maua inaila keki. Na jamani, milango ya Mji Mkongwe imechoka kusimama nyuma ya keki. Picha inayouza kuliko zote ni ile ambayo wengi hawaipigi, ya keki imekatwa na tabaka zake zinaonekana, kipande kiko juu ya sahani ya kawaida ili mtu akisie ukubwa.

Usizipandishe kama zilivyotoka kwenye simu. Picha moja ya simu ni MB 3 hadi 5. Ishirini ni MB 80, na mteja amejiunga bando la siku. Zipunguze ziwe na upana wa pikseli 1200, kwa Squoosh au programu yoyote ya bure, kila moja itashuka chini ya KB 200. Zote ishirini hazitafika MB 4.

Yapo mengine ya kuandikwa ambayo hapa kwetu yanafunga au kufungua pochi. Jelatini yako ni ya nini? Baadhi ya fondanti, ile sukari laini ya kuivika keki, zina jelatini, na jelatini ya nguruwe ipo. Vanila halisi ya chupa hutolewa kwa pombe, kwa kanuni za Marekani isipungue asilimia 35. Kama unatumia ya unga au ya maji, sema. Wateja wanaouliza ni wachache, wasiouliza wanaondoka kimya kimya. Taja pia kama karanga na korosho zinapita kwenye jiko hilo hilo.

Linki ya WhatsApp inaanza na wa.me/ kisha 255, na sifuri ya mwanzo wa namba yako inaondoka, alama ya kujumlisha haiwekwi. Ukiibakisha sifuri kitufe hakimfikishi mtu kwako, na utasema mtandao mbovu. Nyumba yako usiiweke ramani nzima ikaiona, andika mtaa tu na pini umtumie aliyelipa arubuni. Arubuni nusu, na useme hairudi zikibaki siku ngapi. Wanaoandika "tunasafirisha Pemba" waseme pia nani anaishika keki kutoka bandari ya Malindi hapa Unguja mpaka Mkoani, na kwa fondanti waongeze kwamba ikitoka kwenye friji itatoa jasho, isifutwe. Ukurasa wa Kiingereza uwe nao kama unawalenga wageni wa fungate wa Nungwi na Paje, vyenginevyo Kiswahili kinatosha. Na Instagram, haya, iendelee, picha zinatembea zaidi kule.

Ukimaliza yote, mpe simu shangazi yako, mwambie aagize keki ya watu ishirini ya Ijumaa. Usimsaidie, usimuoneshe pa kubonyeza. Akikugeukia akakuuliza "hii kiasi gani mwanangu?", rudi ukaandike.

Na hiyo piano izime.