Mfiwa Akilia Njiani

Jeneza likipita katika vichochoro vya Mji Mkongwe, Zanzibar, mwenye duka huwaacha wateja wake, waliokaa barazani huinuka, na hata asiyemjua maiti huingia msafarani. Huweka bega chini ya jeneza kwa hatua chache, mwingine humpokea, naye hurudi nyuma. Hakuna anayeuliza kafa kwa nini wala ameacha watoto wangapi. Wengi walifunzwa tangu chuo cha Kurani kwamba anayesindikiza jeneza hadi likaswaliwa hupata kirati moja ya thawabu, na anayebaki hadi maziko hupata mbili, kila moja mfano wa mlima mkubwa. Na hapa duniani, mfiwa anaona watu asiowajua wamempokea mzigo wake.

Naumia kuona kwamba nje ya maziko ustaarabu huu unatupotea. Kwenye nyumba ya msiba kila mtu anajua la kufanya: turubai limefungwa, majamvi yametandikwa, daftari la rambirambi lipo, kina mama wako kwenye masufuria. Lakini siku hizi habari ya kifo humfikia mtu kwa simu, popote alipo. Humkuta ndani ya daladala la Gongo la Mboto, kwenye foleni ya benki, au mlangoni mwa wodi. Analia katikati ya watu, na watu wanageukia dirishani.

Nimeliona hili kwenye daladala zaidi ya mara moja. Mama mtu mzima anapiga ukelele, simu inamponyoka, kisha anaanza kuita jina la mtu. Gari zima kimya. Wa kiti cha nyuma anasema, "Jikaze mama, ndiyo dunia." Na kuna mkono unaoinua simu kurekodi. Huo ni ukatili, na sitafuti neno laini zaidi. Wanawe pengine hawajaambiwa bado, na kilio chake tayari kinazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp. Mtoto asijue kwamba baba yake amefariki kwa kumwona mama yake kwenye simu ya jirani.

Wanaogeukia dirishani siwahesabu kuwa na roho mbaya. Wanaogopa kujiingiza, na hawajui waanzie wapi. Mimi ningeanzia kwenye kiti cha pembeni yake. "Pole sana, mama," kisha nimwache alie. Kumwambia anyamaze ni kumbebesha kazi ya kututuliza sisi. "Kazi ya Mungu haina makosa" ni maneno ya imani, nayaheshimu, lakini kwa mtu aliyepata habari dakika hii, ayatamke kwanza mwenyewe akiwa tayari. Kinachomsaidia pale ni mikono ya mtu mwingine, kwa sababu mikono yake mwenyewe inatetemeka. Muokotee simu. Muulize apigiwe nani, umpigie, umweleze mko kituo gani. Muangalizie mkoba. Akitaka kushuka arudi nyumbani, shuka naye, mtafutie bajaji, mlipie ukiwa nazo. Konda asimdai nauli. Kama wewe ni mwanamume, mwombe dada au mama aliye karibu ndiye amshike. Kukumbatiwa na mwanamume asiyemjua kunaweza kumwongezea fadhaa.

Mwanamume akilia hali huwa mbaya zaidi, kwa sababu hata ile "jikaze" anaambiwa kwa ukali. Naye anahitaji mtu wa kusimama pembeni yake, mkono begani, bila kumkumbusha kwamba yeye ni baba wa familia.

Ndugu yake akifika, mkabidhi uende zako. Hana deni la kukupa namba yake, wala wewe huna haja ya kusimulia mtandaoni ulivyomsaidia.

Wapo wanaoniuliza, kwa nini kumlilia mtu usiyemjua? Nawakumbusha tarehe 6 Mei 2017, basi la Shule ya Msingi Lucky Vincent ya Arusha lilipotumbukia korongoni Rhotia, Karatu. Walikufa wanafunzi 32, walimu 2 na dereva. Wamarekani waliokuwa safarini kwenye barabara ileile walisimama wakawahudumia majeruhi, na watoto watatu walionusurika wakapelekwa Sioux City, Iowa, kutibiwa. Siku ya kuaga, Uwanja wa Sheikh Amri Abeid ulijaa watu, na wengi hawakuwa na mtoto katika shule ile. Siamini kwamba machozi yao yalikuwa ya kujionyesha. Mzazi aliyesimama mbele ya jeneza dogo alistahili kuuona mji wake ukilia naye.

Kuna sehemu moja ambako sisi tusiomjua mfiwa tungeweza kufanya zaidi, nayo ni nje ya mochwari. Ndugu waliosafiri usiku kucha husimama juani kusubiri mwili, wengine wameketi juu ya mawe, na mama mjamzito ameegemea ukuta. Msikiti na kanisa vya jirani vikichanga pamoja, vinaweza kuweka bati, mabenchi manne na pipa la maji ya kunywa. Fundi wa mtaani huimaliza kazi hiyo kwa siku chache. Ningependa michango yetu ya mwezi huu ianzie hapo, kabla ya vipaza sauti vipya.