Nyuzi nyembamba au nene: gitaa linauma wapi?

Kati ya wapiga gitaa wa Kampala, anayeanza hupewa ushauri wa aina mbili. Kuna wanaosema mnunulie seti ya kumi, ile ambayo uzi wake wa kwanza una unene wa inchi 0.010, asije akalitundika gitaa ukutani kwa maumivu. Wengine, hasa waliokulia kwenye kadongo kamu, muziki wa Uganda wa kusimulia hadithi kwa gitaa, wanataka aanze na kumi na mbili, vidole viote sugu mapema.

Hawa wa pili wana hoja. Gitaa kavu halina spika. Kinachosikika ni ubao wa mbele ukitikiswa na nyuzi, na uzi mnene uliokazwa huutikisa zaidi. Kwenye kadongo kamu mwimbaji na gitaa lake ndio bendi nzima. Besi ikikonda, hadithi inakosa pa kusimama.

Ila uzi huohuo ndio unaokata vidole. Noti ikiwa ileile, mkazo hupanda kwa mraba wa unene. Ukitoka kumi na mbili kwenda kumi na moja, uzi wa kwanza unapungua mkazo kwa asilimia 16 hivi. Ukishuka hadi kumi, asilimia 30. Si mchezo hiyo, kwa mtu anayehangaika kubana kodi ya F kwa kidole kimoja kwenye nyuzi zote sita. Hata daraja, kile kibao kinachoshikilia nyuzi kwenye ubao wa mbele, likiwa gundi yake imeanza kuachia litapata nafuu.

Kinachorukwa na pande zote mbili ni nafasi kati ya nyuzi na shingo. Weka rula kwenye freti ya 12 (freti ni vile vipande vya chuma vilivyokatiza shingo). Uzi mnene kuliko zote ukiwa milimita 2.5 hivi juu ya freti, uko salama. Magitaa mengi ya bei ya chini hutoka dukani yakiwa yamepita hapo, na hapo hata seti ya kumi itauma. Dawa yake ni msasa: legeza nyuzi, chomoa kile kijiti cheupe kinachozibeba kwenye daraja, ukisugue upande wa chini juu ya meza iliyonyooka. Kushusha milimita 1 kwenye freti ya 12, punguza 2 kwenye kijiti. Nenda polepole, maana ukipitiliza nyuzi zitakwaruza freti na utanunua kijiti kingine. Shingo ikiwa imepinda, mwone fundi kwanza.

Kuhusu madini ya nyuzi watu hubishana mpaka usiku. Themanini-ishirini ni shaba asilimia 80 na zinki 20: sauti kali, inayofifia upesi kwa jasho. Fosfa bronzi, iliyoletwa na D'Addario mwaka 1974, ni shaba na bati na fosfa kidogo, nayo hutoa sauti ya joto zaidi na hukawia kufifia. Kwa gitaa la plaiwudi, nadhani kubadilisha nyuzi zilizochakaa kunasikika kuliko ubishi wote huo. Zilizopakwa utando, kama Elixir, hudumu zaidi lakini ni ghali, na uzi wa kwanza ukikatika utando haukusaidii kitu. Mimi ningenunua za kawaida na kuzifuta kwa kitambaa kikavu kila nikimaliza kupiga. (Gitaa la klasiki la nyuzi za nailoni usilivike chuma kabisa, litang'oka daraja.)

Basi anayeanza apewe kumi na moja, baada ya msasa. Anayepiga kanisani kwa kuchomeka kwenye spika anaweza kubaki nazo, kwa kuwa sauti kubwa ataipata kwenye mashine. Ila anayeitwa msibani au harusini, ambako umeme ukikatika gitaa ndilo linalobaki, avike kumi na mbili na kushusha nyuzi zote nusu toni. Mkazo hupungua kwa asilimia 11 hivi, na besi inabaki nzito. Akitaka kurudi kwenye sauti ya awali, afunge kapo, kile kibanio cha kubana nyuzi zote, kwenye freti ya kwanza.