Homa nyekundu: lishe bora au bakteria waliopungua ukali?

Mwaka 1870 homa nyekundu, ugonjwa wa koo na upele unaoletwa na bakteria na ambao madaktari huuita pia skalatina, iliua watu zaidi ya 30,000 katika England na Wales, wengi wao watoto wadogo. Kufikia miaka ya 1930, penisilini ikiwa bado haijaingia katika tiba, vifo hivyo vilikuwa vimebaki vichache mno. Wapo wanaosema kwamba kilichookoa watoto ni lishe, nyumba zenye nafasi na hospitali za kuwatenga wagonjwa. Wengine wanasema bakteria wenyewe ndio waliobadilika. Naegemea upande wa pili, ingawa nao haujibu kila kitu.

Ushahidi ninaouona kuwa mzito zaidi unatoka Dublin. Daktari Robert Graves alieleza kwamba ugonjwa huo uliua vibaya mjini humo kati ya 1801 na 1804, kisha ukawa mwepesi kwa zaidi ya miaka 25, hata madaktari wengi wakaamini kuwa vifo vya awali vilisababishwa na tiba mbovu ya waliowatangulia. Mlipuko wa 1834 uliwaumbua, kwa kuwa mbinu zao walizojivunia hazikufua dafu. Ikumbukwe kwamba ndani ya kipindi hicho cha nafuu Ayalandi ilipatwa na njaa ya 1816 na 1817. Kama lishe ndiyo ingekuwa ufunguo, ukali ungerejea wakati huo. Huko Tours, Ufaransa, naye daktari Pierre Bretonneau alikaa tangu 1799 hadi 1822 bila kuona mgonjwa hata mmoja akifa kwa homa hiyo, kabla ya mlipuko wa 1824 kumwonyesha kwamba si ugonjwa mwepesi.

Wala utajiri haukuwa kinga. Archibald Tait, aliyekuwa mkuu wa kanisa kuu la Carlisle na baadaye Askofu Mkuu wa Canterbury, alizika mabinti watano katika majira ya kuchipua ya 1856, na Charles Darwin alipoteza mtoto mchanga 1858. Hata Thomas McKeown, mtetezi mkubwa wa hoja ya lishe, aliuweka ugonjwa huu nje ya hoja hiyo. Sayansi imeongeza nguvu upande wa bakteria kubadilika: jeni za sumu zinazotolewa na streptokoki, bakteria wanaosababisha homa hii, huweza kubebwa na virusi vinavyoingia ndani ya bakteria, hivyo aina kali inaweza kuzuka, au kutoweka, bila hali ya maisha ya watu kubadilika.

Hospitali za kutenga wagonjwa nazo hazinishawishi sana, kwa sababu wagonjwa waliendelea kuwa wengi huku vifo vikishuka. Hata hivyo, kiwango cha vifo kwa kila wagonjwa 100 kinahitaji tahadhari: kabla ya sheria ya 1889 ya kuripoti magonjwa ya kuambukiza, Uingereza ilihesabu waliokufa tu, na baada yake hata wagonjwa wenye dalili nyepesi wakaanza kuhesabiwa. Tena, hadi katikati ya miaka ya 1850 dondakoo (diphtheria) ilichanganywa na homa hii katika daftari za vifo. Kulinganisha nchi nako kuna mtego: anayelinganisha koloni la Victoria, Australia, katika mlipuko wa 1875 na 1876, na mahali pengine palipokuwa na utulivu mwaka huo huo, analinganisha mwaka wa mlipuko na mwaka wa nafuu, si hali ya maeneo hayo.

Hoja ya umaskini inapata nguvu zaidi Ulaya Mashariki. Mwanzoni mwa karne ya 20, homa nyekundu ilikuwa bado muuaji mkubwa wa watoto nchini Urusi wakati Uingereza ilikwisha kuizoea kama ugonjwa mwepesi. Tofauti hiyo inaweza kutokana na aina ya bakteria, lakini msongamano na njaa haviwezi kupuuzwa.

Katika Afrika ya kitropiki madaktari wa kikoloni waliandika visa vichache sana. Inawezekana kwamba vidonda vya ngozi viliwapa watoto kinga mapema. Lakini pia upele wa homa hii, unaoonekana wazi kwenye ngozi nyeupe, kwenye ngozi nyeusi hutambulika zaidi kwa kupapasa, kwani hukwaruza kama msasa, na daktari aliyefundishwa kutafuta wekundu hangeuona. Streptokoki wenyewe wapo: ugonjwa wa moyo utokanao na homa ya baridi yabisi, ambao chanzo chake ni bakteria hao hao, hadi leo hujaza kliniki za moyo za Hospitali ya Mulago, Kampala, na vifo vyake huandikwa katika safu nyingine kabisa.