Picha ya Maandamano na Safari Yake Baada ya Kupigwa

Usiku wa tarehe 25 Mei 2020, polisi wa mji wa Minneapolis nchini Marekani walitoa taarifa fupi iliyosema kwamba mwanamume mmoja amefariki dunia baada ya kupatwa na tatizo la kiafya wakati wa kukamatwa kwake. Taarifa hiyo ingebaki hivyo katika kumbukumbu rasmi, lau si msichana wa miaka 17 aliyesimama kando ya barabara akarekodi kwa simu yake zile dakika zaidi ya 9 ambazo George Floyd alikuwa amekandamizwa shingoni kwa goti la askari. Askari huyo, Derek Chauvin, alitiwa hatiani mwezi Aprili 2021, na miezi miwili baadaye bodi ya tuzo za Pulitzer ilimtunukia msichana yule heshima maalumu.

Naanza na tukio hilo kwa sababu msichana yule hakutumia programu yoyote maalumu. Alitumia kamera iliyokuja na simu, kisha akaiweka video kwenye Facebook. Anayetaka kupima faida na hatari za programu zilizotengenezwa mahususi kwa ajili ya raia wanaorekodi maandamano hana budi kujibu kwanza swali ambalo tukio hilo linalizusha: ikiwa kamera ya kawaida ilitosha kuipindua taarifa ya polisi, programu hizi zinaongeza nini? Jibu langu ni kwamba zinaongeza jambo moja kubwa, yaani uwezo wa picha kuthibitisha ilipigwa wapi na lini, na kwamba uwezo huo huo ndio unaoweza kumwangamiza aliyeipiga au anayeonekana ndani yake. Mjadala wa kama raia warekodi au wasirekodi naona umepitwa na wakati, maana wanarekodi na wataendelea kurekodi. Kilichobaki ni kuuliza picha inakwenda kwa nani, ikiwa imebeba taarifa gani, na kwa wakati upi.

Wazo la raia kuwa chanzo cha habari kupitia simu lilitangulia kuenea kwa simujanja. Mwezi Januari 2008, wakati wa machafuko yaliyofuata uchaguzi nchini Kenya, kundi dogo la wanablogu na wataalamu wa kompyuta lilianzisha Ushahidi, jukwaa lililopokea ripoti za watu kwa ujumbe mfupi wa simu na kupitia tovuti, kisha likaziweka kwenye ramani. Jina hilo lilibeba dai zito, kwa sababu ripoti ya ujumbe mfupi ni habari, lakini ili iwe ushahidi mbele ya hakimu huhitaji mambo mengi zaidi. Miaka michache baadaye zikaja programu za kurusha picha mubashara, kama Bambuser ya Sweden, iliyotumiwa sana na waandamanaji wa Misri na Syria, na Periscope, iliyozinduliwa mwaka 2015. Zote hizo zilijali kasi. Swali la kuthibitisha lilisubiri programu za aina nyingine.

Mojawapo ni eyeWitness to Atrocities, iliyozinduliwa mwaka 2015 na chama cha kimataifa cha wanasheria, International Bar Association. Inafaa kueleza inavyofanya kazi, kwani ubora wote wa hoja ya wanaozitetea programu hizi umo katika utendaji huo. Mtu anapopiga picha kwa kutumia kamera iliyo ndani ya programu, simu hunasa papo hapo mahali alipo kwa GPS, hunasa alama za minara ya simu na mitandao ya Wi-Fi iliyo karibu, na hurekodi saa ambayo haitegemei saa anayoweza kuibadilisha mwenyewe. Wakati huo huo programu hukokotoa namba ndefu kutokana na yaliyomo ndani ya faili. Ukibadilisha hata nukta moja ya picha, namba hiyo haitalingana tena. Faili hufungwa kwa usimbaji fiche, huwekwa mbali na picha nyingine za simu, kisha hutumwa kwenye hifadhi ambako kila anayeigusa huandikwa. Mahakama inapouliza picha hii imepita mikononi mwa nani tangu ilipopigwa, jibu lipo kwa maandishi.

Utendaji huo ulijaribiwa mahakamani. Mwezi Septemba 2018, mahakama ya kijeshi iliyokaa Bukavu, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, iliwatia hatiani makamanda wawili wa kundi la waasi la FDLR kwa uhalifu dhidi ya ubinadamu uliotendwa mwaka 2012 katika vijiji vya Kamananga na Lumenje, na miongoni mwa ushahidi uliopokelewa zilikuwamo picha zilizochukuliwa kwa programu hiyo. Picha hizo zilichukuliwa baada ya mashambulizi, wakati wa uchunguzi, na hazikuhusu maandamano. Hata hivyo funzo linahamishika. Video ya maandamano iliyopita katika makundi kumi ya WhatsApp hufika ikiwa imebanwa na kupokonywa taarifa zote za mahali na saa, haijulikani nani aliipiga wala nani aliikata, na wakili wa upande wa pili hahitaji kuwa hodari sana ili kuitilia shaka. Zama hizi ambapo akili unde inaweza kutengeneza umati usiokuwapo, shaka hiyo imekuwa kimbilio la kila mwenye kutaka kukana alichokifanya. Kwa wanaodai haki baada ya kupigwa au kufyatuliwa risasi, picha inayojithibitisha haina mbadala.

Hiyo ndiyo hoja ya upande wa kwanza, nami naiona nzito. Upande wa pili, hata hivyo, haujengwi juu ya woga wa teknolojia. Unajengwa juu ya mambo yaliyokwisha kutokea.

Mwezi Juni 2009, wakati Tehran ilipofurika waandamanaji, tovuti moja yenye uhusiano na Walinzi wa Mapinduzi wa Iran ilichapisha picha za waandamanaji na kuwaomba wananchi wasaidie kuwatambua. Ni picha za aina ile ile ambazo ulimwengu ulikuwa ukizishangilia kama ushujaa wa raia. Kilichobadilika ni mtazamaji tu. Katika siku hizo hizo Neda Agha-Soltan aliuawa kwa risasi na video ya kifo chake ikazunguka dunia. Vyombo vya habari vilivyokuwa na haraka ya kupata sura yake akiwa hai vilichukua picha ya Facebook ya mwanamke mwingine, Neda Soltani, mhadhiri ambaye hakuwa na uhusiano wowote na tukio. Mwanamke huyo alilazimika kuikimbia nchi yake. Namtaja kwa sababu mijadala kuhusu uandishi wa habari wa kiraia humfikiria mpiga picha na mtazamaji, ikamsahau mtu wa tatu, yule ambaye uso wake umo ndani ya picha na ambaye hakuna aliyemwomba ridhaa.

Taarifa za mahali nazo hukata pande zote mbili. Baada ya uvamizi wa bunge la Marekani tarehe 6 Januari 2021, video nyingi zilizowekwa kwenye mtandao wa Parler zilipakuliwa na watu wa nje zikiwa bado na alama za GPS, na ikawezekana kuonyesha kwenye ramani nani alirekodi akiwa ndani ya jengo. Wengi walifurahi, kwa kuwa waliofichuliwa walikuwa wavamizi. Lakini njia ile ile humfichua mwandamanaji wa amani mbele ya serikali isiyomtaka, na hakuna namna ya kutengeneza alama ya GPS inayowasaliti wabaya peke yao. Programu inayosifiwa kwa kukusanya minara ya simu na Wi-Fi ya jirani inakusanya pia ramani ya mienendo ya mtumiaji wake, na usalama wa ramani hiyo unategemea kabisa mwenye ufunguo wa hifadhi.

Katika urushaji mubashara ndipo pande mbili zinapogongana kwa uchungu zaidi. Wanaoutetea husema kwamba simu inayorekodi inaweza kunyang'anywa na kuvunjwa ndani ya dakika moja, hivyo picha iliyokwisha kuondoka ndiyo pekee iliyo salama, na hoja hiyo si ya kupuuzwa. Mwezi Julai 2016, katika jimbo la Minnesota, ambamo umo pia mji wa Minneapolis, Philando Castile alipigwa risasi na askari akiwa ndani ya gari, na mwenzake aliyekuwa kando yake alirusha yaliyofuata mubashara kwenye Facebook. Bila hivyo dunia isingeziona dakika zile siku ile. Lakini mrushaji mubashara hana nafasi ya kufifisha sura, hana nafasi ya kujiuliza iwapo jina alilolitamka mtu nyuma yake lingepaswa kusikika, na hana njia ya kumzuia askari aliye mtaa wa pili asifungue matangazo yale yale na kujua umati unaelekea wapi. Ninaloliona ni kwamba haja ya kuinusuru picha na haja ya kuionyesha ni haja mbili, na kosa la urushaji mubashara ni kuzifunga pamoja. Picha inaweza kuondoka kwenye simu papo hapo na kufika kwenye hifadhi salama bila kuonekana na yeyote hadi kesho yake, na hicho ndicho walichokifanya watengenezaji wa Mobile Justice, programu ya ACLU, shirika la kutetea haki za kiraia la Marekani, iliyotuma video moja kwa moja kwa shirika hilo badala ya kuianika hadharani.

Kuna hatari nyingine ambayo haitokani na polisi wala na serikali, nayo ni umati wa watumiaji wenyewe. Mwaka 2016 ilizinduliwa huko New York programu iliyoitwa Vigilante, ikiwaarifu watu kuhusu matukio ya uhalifu yaliyo karibu nao. Apple iliiondoa kwenye duka lake siku chache tu baadaye, ikarejea mwaka uliofuata kwa jina la Citizen. Mwezi Mei 2021 programu hiyo ilitangaza zawadi ya dola 30,000 kwa yeyote atakayesaidia kupatikana kwa mtu aliyedaiwa kuanzisha moto huko Los Angeles, ikaonyesha picha yake kwa watumiaji wake, na mtu huyo hakuwa mhusika. Mwandishi wa habari aliyefunzwa naye hukosea, lakini nyuma yake kuna mhariri anayeweza kumwambia asubiri. Programu inayoishi kwa idadi ya watazamaji haina mtu wa kusema neno hilo.

Tuongeze kwamba hakuna programu iliyo huru na wenye maduka na mitandao inamopita. Mwezi Oktoba 2019 Apple iliiondoa HKmap.live, ramani iliyotumiwa na waandamanaji wa Hong Kong kujua polisi walipo. Mwaka 2017 mashine za YouTube zilizofunzwa kutambua propaganda za kigaidi zilifuta video nyingi za vita vya Syria zilizowekwa na raia kama kumbukumbu ya uhalifu, na wahifadhi wa Syrian Archive wakalazimika kupigania kurejeshwa kwake. Waliozipiga, wengine kwa kuhatarisha uhai, walidhani kuiweka video mtandaoni ni kuihifadhi.

Baada ya kuyapima hayo yote, naelemea upande wa programu za kuhifadhi na kuthibitisha, kwa sharti ambalo si dogo. Kila rekodi iwe na nakala mbili tangu mwanzo: ya kwanza kamili, iliyofungwa, yenye taarifa zake zote, ikienda kwa mlinzi aliye nje ya uwezo wa dola husika, ya pili ya hadhara, iliyofifishwa sura na kuondolewa alama za mahali. Vipande vya kazi hiyo vipo tayari. ObscuraCam, iliyotengenezwa na Guardian Project pamoja na shirika la WITNESS, ilifundisha simu kufifisha nyuso tangu mwaka 2011, na programu ya ujumbe ya Signal iliongeza uwezo kama huo mwezi Juni 2020, maandamano ya kumlilia Floyd yalipokuwa yamepamba moto. Jambo moja linanisumbua zaidi hapa: kwenye kizuizi cha barabarani, aikoni ya programu ya kukusanya ushahidi ni shitaka tosha dhidi ya mwenye simu, ilhali kamera ya kawaida, kama ile ya Minneapolis, haimshitaki mtu. Ndiyo maana njia ya programu ya ProofMode inanivutia, kwani humwachia mtumiaji kamera yake ya kila siku na kuzalisha uthibitisho chinichini, ingawa nayo huacha alama kwa mchunguzi anayejua kutafuta.

Sharti la mlinzi ndilo gumu kuliko yote, kwa sababu ni sharti la miaka mingi. Kati ya mauaji ya Kamananga na Lumenje na hukumu ya Bukavu ilipita miaka 6. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilitoa hati ya kumkamata Mahmoud al-Werfalli, kamanda wa Libya aliyeshukiwa kwa uhalifu wa kivita, mwezi Agosti 2017, ikitegemea kwa kiasi kikubwa video zilizokuwa zimesambaa kwenye mitandao ya kijamii, na hadi alipouawa Benghazi mwezi Machi 2021 hakuwa amefikishwa kizimbani. Mwezi huo huo wa Machi 2021 Periscope ilifungwa, ikiwa na umri wa miaka 6 kamili, muda ule ule ambao waathirika wa vijiji viwili vya Kivu Kusini walisubiri kusikia hukumu.