Utoto wa Magneto haumsafishi

Wanaozipinga katuni za chimbuko, zile zinazotupeleka enzi ambazo stelingi hajavaa vazi lake na adui hajawa adui, wana hoja mbili: zinaua fumbo, na zinawatafutia waovu udhuru.

La fumbo nawapa. Wolverine, stelingi mwenye makucha wa X-Men, kundi la watu waliozaliwa na nguvu zisizo za kawaida, alizuka katika vitabu vya kampuni ya katuni ya Marvel mwaka 1974, na kwa miaka 27 hakuna msomaji aliyejua alikotoka. Ikaja katuni ya chimbuko lake, Origin, mwaka 2001, kumbe ni James Howlett, mtoto mgonjwamgonjwa wa familia tajiri ya Kanada. Imechorwa vizuri, lakini yule asiyejulikana alitisha zaidi. Halafu filamu ya kwanza ya X-Men ilikuwa imetoka mwaka mmoja tu kabla, kwa hiyo tusijifanye hatuoni biashara.

La udhuru ndilo linalonishinda kulikubali, na sababu ni Magneto, adui mkuu wa X-Men anayeamrisha chuma. Stan Lee na Jack Kirby walipomleta mwaka 1963 alitaka kuitawala dunia, basi. Mwaka 1981 Chris Claremont akamfanya manusura wa Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi. Kisha mwaka 2008 mwandishi Greg Pak na mchoraji Carmine Di Giandomenico wakatoa Magneto: Testament, matoleo matano yasiyo na joho wala ile kofia ya chuma. Yupo Max Eisenhardt tu, mvulana wa Kiyahudi katika Ujerumani ya Hitler.

Msomaji anajua kwamba siku moja vyuma vyote duniani vitatii amri ya mtoto huyu. Sasa mtazame amezungukwa na chuma: bunduki, reli, seng'enge. Unafungua kila ukurasa ukisubiri hiyo seng'enge ing'oke. Haing'oki. Familia yake inapigwa risasi, yeye anabaki hai. Kambini anapangiwa kazi ya kutoa maiti kwenye vyumba vya gesi, na bado hakuna muujiza. Mwandishi alikuwa na kila kishawishi cha kumpa angalau pambano moja la kutushangilisha, akamnyima.

Udhuru uko wapi hapo? Kitabu kinaisha kabla Max hajatenda hata uhalifu mmoja wa Magneto.

Wapo pia wanaosema ni kufuru kuchukua mauaji ya Wayahudi na kumpambia mtu wa katuni. Hofu hiyo ni halali, na kazi mbovu zaidi ingestahili kusutwa hivyo. Hii lakini imeambatanishwa na maelezo ya kihistoria, na toleo la mwisho likaweka kisa cha Dina Babbitt, mfungwa wa kweli aliyelazimishwa na Mengele, daktari wa Kinazi pale Auschwitz, kuchora sura za wafungwa Waroma (wale waitwao pia Wajipsi).

Baada ya hapo, rudi umsome Magneto akibishana na Profesa Xavier, mwanzilishi wa X-Men, kama wanadamu ni wa kuaminiwa. Anapoua, bado ni muuaji. Ila huwezi tena kumwambia kwamba hofu yake ameitunga.