Asali Ilibaki, Diski Zikapanda Basi

Naomba ieleweke mapema: katika kisa hiki mimi nilifuata maelekezo, na kompyuta nayo ikafuata maelekezo. Waliobaki ni mama yangu, kondakta mmoja na maparachichi.

Nyumbani kwetu Soweto, hapa Moshi, chini ya meza ya televisheni kuna kompyuta ya mtumba iliyostaafu ofisini tukaigeuza seva. Haina kioo wala kibodi, inaunguruma tu pale chini mchana na usiku. Ndani yake kuna SSD ndogo inayobeba mfumo, na diski mbili za terabaiti 4 kila moja, zimeunganishwa kwa RAID 1, yaani kinachoandikwa kwenye hii kinaandikwa na kwenye ile. Ukoo wetu umo humo: video za harusi na sendofu, picha za kipaimara, hati za kihamba zilizoskaniwa, na kabrasha la Baba. Baba ni mhasibu mstaafu, na kwa sababu hiyo hajawahi kuponyoka uhazini wa kamati ya harusi yoyote. Kabrasha lake nililifunga mwenyewe, alione yeye peke yake.

Mfumo ulikuwa openmediavault, programu ya kugeuza kompyuta kuwa ghala la mafaili, toleo la 5, lililokaa juu ya Debian 10, ambayo ni aina ya Linux. Lilikuwa limechoka. Viraka vya usalama vilishakoma kuja, na Desemba ilikuwa inabisha hodi. Mnaijua Desemba ya huku: Wachagga wote wanapanda kuja nyumbani, na kila anayeshuka kwenye gari anauliza nenosiri la Wi-Fi kabla hajaamkia wazee. Sikutaka simu zote hizo zikutane na seva iliyozeeka.

Njia zilikuwa mbili. Ya kwanza, kupandisha toleo: unaandika amri, mfumo unajibadilisha wenyewe, watumiaji na makabrasha yanabaki kama yalivyo. Tamu kuisikia. Ila huwezi kuruka kutoka 5 kwenda 7; lazima upitie 6, na kila hatua inang'oa Debian ya chini na kuweka nyingine, 10 iwe 11, halafu 11 iwe 12. Ni mamia ya vifurushi vya programu kushuka kwenye intaneti na kupangwa kimoja kimoja, na umeme wetu una tabia zake. UPS tuliyonayo, kile kisanduku cha kushikilia umeme unapokatika, betri yake inatosha Baba Yetu moja, Salamu Maria hufiki. Umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo, unabaki na kitu ambacho si toleo la 5 wala la 6.

Njia ya pili, kusakinisha upya: unafuta SSD, unaweka toleo la 7 kutoka kwenye flashi, saa moja haiishi. Baada ya hapo unaanza kuandikisha watumiaji upya kama kampeni ya chanjo.

Ugomvi huu wenyewe ni mkongwe kuliko seva yetu. Openmediavault ilizaliwa humo humo. Mwaka 2009 Volker Theile, aliyekuwa mmoja wa waandishi wa FreeNAS, programu nyingine ya kazi hiyo hiyo, aliona programu ile haikarabatiki tena, iandikwe upya kabisa juu ya Debian. Wengine wakataka ibaki kwenye FreeBSD, mfumo iliokuwa imejengwa juu yake, na iendelezwe hapo. Wakagawana njia, na 2011 toleo la kwanza la openmediavault likatoka. Kwa hiyo kama watu wazima wa Ulaya na Marekani walishindwa kukubaliana, sikutegemea muujiza sebuleni kwetu.

Baba akaitisha kikao. Baba mdogo, ambaye ni fundi ujenzi, alisimama upande wa kupandisha toleo na hakutaka kushuka.

"Nyumba ina watu ndani, hubomoi," akasema. "Unakarabati chumba kimoja kimoja."

"Baba mdogo, hapa watu wanalala nyumba nyingine. Ninayobomoa ni ofisi ya mjumbe tu."

Baba akavua miwani. "Picha za mama yangu zipo kwenye nyumba au kwenye ofisi ya mjumbe?"

"Kwenye nyumba, Baba. Sizigusi."

"Basi bomoa. Lakini nikikosa hata picha moja, wewe na hiyo flashi yako mtatafuta pa kwenda."

Sasa, kila anayejua kazi hii atakwambia jambo moja: kabla ya kusakinisha, chomoa diski za data. Programu ya kusakinisha itakuuliza mfumo uwekwe diski gani, itakuonyesha sda, sdb, sdc, na hayo majina hayana uaminifu. Leo sda ni huyu, kesho ni mwenzake. Ukibonyeza vibaya umemfuta bibi. Nami nilichomoa. Nikabandika utepe wa karatasi, moja nikaandika 1, nyingine 2. Nikazivingirisha kwenye kipande cha kanga kuukuu, nikafunga fundo, nikaziweka jikoni juu ya meza, mbali na watoto waliokuwa wanacheza mpira sebuleni.

Nilihitaji televisheni iwe kioo changu, kwa hiyo kazi ilisubiri tamthilia ya Mama iishe. Ilipoisha, nikachomeka flashi. Skrini ya bluu ikaja, nikajibu maswali, SSD ikafutwa, toleo la 7 likaingia bila hata kukohoa. Mfumo ulikuwa ndiyo kwanza umewaka na kunisalimia, umeme ukakatika. Nikacheka peke yangu gizani. Tungekuwa tunapandisha toleo, saa ile vifurushi vingekuwa vimening'inia njiani. Nikaenda kulala nikiwa mshindi.

Asubuhi umeme ulikuwa umerudi. Nikaenda jikoni, nikachukua furushi langu la kanga mezani, uzito ule ule, fundo lile lile. Nikaketi sakafuni kando ya seva na bisibisi mkononi, nikafungua.

Asali. Chupa mbili, nusu lita kila moja.

"Mama, shikamoo. Hii asali ni ya nini?"

"Marahaba. Ya dada yako, Dar." Kisha akaikazia macho. "Mbona iko hapa? Si nilishaipakia jana usiku kwenye boksi la ndizi?"

Mama hupeleka mchare Dar kwa basi la alfajiri, pamoja na maparachichi na chochote kilichoiva. Chupa huzivingirisha kwenye kanga zisivunjike. Kanga kuukuu tunazo za aina moja, zilitoka kwenye msiba mmoja. Usiku ule ule, umeme ukiwa hakuna, alipapasa meza, akashika furushi zito, akalizamisha katikati ya ndizi. Bodaboda akalipeleka stendi kabla jogoo hajajipanga. Naomba mtu asiulize kwa nini diski ya terabaiti 4 inalingana uzito na nusu lita ya asali. Shika moja mkono huu na nyingine mkono huu, utaona.

Na hapo ndipo nilipokumbuka msemo wa watu wa fani, kwamba RAID si bakapu, yaani si nakala ya akiba. Nakala ya kwanza ya ukoo ilikuwa kwenye boksi la ndizi. Nakala ya pili ilikuwa kwenye boksi hilo hilo.

Kwenye risiti ya mzigo kulikuwa na namba ya kondakta. Nikapiga. Nyuma yake nilisikia muziki wa injili na mtoto analia.

"Kaka, habari ya safari. Mmefika wapi?"

"Tumeshaipita Same."

"Nina boksi la ndizi hapo. Ndani kuna diski."

"Diski za muziki?"

"Hapana, za kompyuta. Zina picha za familia."

"Sasa tatizo nini, si ziko na ndizi za familia?"

"Naomba zisitikiswe."

Akanyamaza, nadhani akitazama barabara. "Mangi," akasema, "hili ni basi. Boksi lako liko kwenye buti, juu yake kuna magunia mawili ya vitunguu, na mbele kuna matuta mpaka Korogwe. Nimpe nani pole?"

Akakata. Nikabaki na Baba, aliyekuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai.

"Mbona leo imenyamaza?" akauliza akiitazama seva.

"Mfumo mpya, Baba. Una utulivu."

"Picha zipo?"

"Zinasafiri." Nikaona uso wake unabadilika, nikaongeza: "Kwenye mtandao mpya. Ni utaratibu wa kawaida."

Jioni dada mkubwa akatuma ujumbe wa sauti. Nilitarajia kilio. Akasema: "We mdogo wangu, ndizi nimepata, asanteni sana. Ila mwambieni Mama hizi betri za sola mlizoniletea sina pa kuzifunga, na asali yangu siioni." Nyuma yake nilisikia kitu kinaburutwa juu ya vigae, na mtoto anaunguruma kama lori. Baadaye nikatumiwa picha: namba 1 ilikuwa imesimama sakafuni, na magari ya plastiki yameegeshwa juu yake. Namba 2 ilikuwa imeshikilia mlango usijifunge.

Nikampigia, nikamweleza thamani ya mlango ule. Dada alinisikiliza hadi mwisho. Yeye ni mfanyabiashara Kariakoo.

"Kwa hiyo harusi yangu iko humu?"

"Iko."

"Na ya mama, ile ya zamani iliyotolewa kwenye mkanda?"

"Nayo."

"Sawa. Asali ikifika Dar, diski zinaondoka Dar."

"Dada, mimi ni ndugu yako."

"Ndiyo maana sijaomba na parachichi za ziada."

Asali ikapanda basi. Nikaiandikia boksi kwa kalamu ya wino mzito, pande zote, ASALI. Mama alisoma, akasonya, akasema nimemgeuza bibi kizee asiyeona. Diski nazo zikarudi, safari hii zimevingirishwa kwenye taulo na kupakatwa na shemeji yangu, aliyekuwa anapanda Moshi kikazi. Alinikabidhi kama anayekabidhi kichanga na kusema njia nzima hakwenda hata chooni Mombo. Sikuuliza zaidi.

Nikazipeleka mwangani. Namba 2 ilikuwa safi. Namba 1 ilikutana na parachichi. Lilikuwa limepondeka na kukauka juu ya lebo, ukoko wa kijani unaoelekea kahawia. Diski za aina hii zina kitundu kidogo cha kupumulia, na kando yake pameandikwa usikizibe. Parachichi lilikuwa limeishia pembeni ya kitundu hicho, upana wa ukucha haufiki. Nililisafisha kwa pamba na spiriti, nimebana pumzi, huku Mama amesimama nyuma yangu ananiambia angetumia kitambaa na maji ya moto.

Nikafunga diski, nikawasha. Zikaanza kuunguruma. Baba akaitikia kutoka chumbani, "Eeh, imeamka!"

Uzuri wa RAID ya Linux ni kwamba taarifa za muungano zimeandikwa kwenye diski zenyewe. Mfumo mpya haukuwahi kuziona, lakini nilipouwekea kiongezi chake cha RAID ukasoma vichwa vyake, ukajua hizi ni mtu na mwenzake, ukaziunganisha. Ikabaki hatua moja. Kwenye ukurasa wa mifumo ya faili kuna alama ya kujumlisha, ya kuunda mfumo mpya wa faili, yaani kufuta, na kuna pembetatu kama ya kuchezea video, ya kupachika uliopo, yaani kuufungua ulivyo. Zimekaa jirani kabisa, kama kwamba aliyezipanga hana bibi. Nilipeleka mshale kwenye pembetatu, nikautoa, nikasoma tena, nikamfukuza Mama sebuleni, ndipo nikabonyeza. Picha zote zikatokea, na bibi amekaa pale pale mbele ya kahawa yake, amekunja uso vile vile.

Nikaanza kuandikisha watumiaji. Nilijiandikisha mimi kwanza. Baba alikuwa kanisani, na Baba mdogo alikuwa amenisimamia begani akidai nenosiri lake, basi nikamwandikisha yeye wa pili. Wengine wakafuata kadiri walivyoingia mlangoni.

Krismasi, baada ya mtori na kabla ya nyama, Baba mdogo alikuwa kwenye kochi na simu yake anapitia picha. Ghafla akanyamaza. Baba mdogo hanyamazi.

"Kaka," akasema polepole, "hapa pameandikwa: 'Mdogo wangu. Ahadi, 500,000. Alichotoa, 50,000. Anasubiri kahawa iuzwe. Shambani kwake hakuna mbuni hata mmoja.'"

Baba akachukua simu yake mwenyewe, akajaribu kufungua kabrasha lake. Likamkatalia. Wote wakanigeukia mimi.

Nikaeleza. Faili halijui jina la mtu, linajua namba. Zamani wa kwanza nilikuwa mimi, 1000; wa pili kuandikishwa alikuwa Baba, akapewa 1001, na kabrasha likafungwa kwa namba hiyo. Mfumo mpya haukumbuki ya jana. Safari hii wa pili alikuwa Baba mdogo, 1001 ikawa yake, na mlango ukamfungukia. Kurekebisha ni amri moja tu, dakika haiishi.

Hakuna aliyenijibu. Baba mdogo alikuwa ameinamia simu, anabonyeza. Kidogo simu ya Baba ikatoa mlio wa muamala. Baba akavaa miwani, akasoma kiasi, akasoma tena, akaiweka simu mfukoni bila kubadilisha uso.

Alinifuata jikoni nikichukua sahani.

"Ile amri," akanong'ona, "usiiandike kwanza. Mjomba wako anafika kesho. Mwandikishe naye hiyo hiyo 1001."